Kiti cha Pili cha Denys Finch Hatton: Watatu Hawakupanda, Kamau Akapanda

Ukikaa Kibarani jioni, pale kando ya maji karibu na Makupa, unaona ndege zinazoenda kutua uwanja wa Moi. Zamani hapa palikuwa jaa la taka la mji mzima. Ukipita na matatu lazima ufunge dirisha na ushike pumzi mpaka Changamwe. Siku hizi pana miti na nyasi, na masela wanakaa wakipiga stori wakiangalia angani.

Na stori ya angani huja sana Mei ikikaribia. Mvua ya masika iko, watalii wameenda kwao, hoteli za Pwani zimeshusha bei. Ni ule msimu watu wa hoteli huuita lo sizoni. Basi mbogi inakaa chini kupanga: tuweke doo kidogo kidogo, tuvuke feri Likoni, twende Diani turuke na parachuti. Kila mbogi huwa na msee mmoja hataki. Anaitwa mwoga, anachekwa mpaka anakubali kwa aibu.

Kabla mumalize kumcheka huyo msee wenu, cheki stori ya jamaa mmoja aliyepanga safari ya angani hapa Pwani mwezi Mei, mwaka 1931. Anaitwa Denys Finch Hatton. Kama umewahi kuona filamu ya Out of Africa ya 1985, ndiye yule aliigizwa na Robert Redford. Filamu ilibeba Oscar 7. Lakini kwenye maisha ya ukweli, stori kubwa iko kwa kiti cha pili cha ndege yake.

Mtoto wa babi aje Kenya

Denys alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887, kwa familia ya kikabaila kabisa. Babake alikuwa Earl wa Winchilsea. Shida ni kwamba Denys alikuwa mtoto wa kiume wa pili, na kwa watu wa aina hiyo cheo na mashamba huenda kwa wa kwanza. Akasoma Eton, akaenda Oxford, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia akawa ashatua Afrika Mashariki kutafuta maisha. Alinunua shamba pande za Eldoret, lakini kulima hakukumkaa. Alimwachia mwenzake kazi, yeye akaingia porini kuwinda.

Vita vilipoanza 1914 alipigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani waliokuwa Tanganyika. Mwaka 1918, Nairobi, akakutana na Karen Blixen, Mdenishi mwenye shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Karen naye alikuwa na historia yake na Mombasa: alishuka melini hapa Januari 1914 na akafunga ndoa hapa hapa na Bror Blixen. Ndoa ilivunjika, na Denys akawa ndiye mtu wake. Akitoka safari anafikia kwa Karen, akileta rekodi za muziki na vitabu. Wiki chache, ashapotea tena porini.

Kazi yake ilikuwa kupeleka matajiri kuwinda. Wateja wake walikuwa mabazu kweli kweli. Mwaka 1928 alimpeleka porini Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza, yule ambaye baadaye alikuwa mfalme halafu akaacha kiti 1936 juu ya mapenzi. Edward alirudi tena 1930, na Denys ndiye alimshika mkono tena. Lakini mpe haki yake: aliandikia gazeti la The Times la London akiwachana watalii waliokuwa wanapiga simba risasi wakiwa wamekaa ndani ya gari. Polepole akaanza kupenda kamera kuliko bunduki.

Mpango wa Mei

Mwaka 1930 Denys akawa na ndege yake, Gipsy Moth. Usiwaze ndege ya kisasa. Moth ilikuwa mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na mawili chini, haina paa, upepo wote usoni. Viti viwili tu, kimoja nyuma ya kingine.

Na hapo ndipo wazo likamjia. Masika, barabara zote za porini zinakuwa matope. Gari la safari haliendi popote, wateja hawaji. Lakini ndege haijui matope. Kwa nini usitumie msimu huo mfu kuruka juu ya nyika ya Voi, utafute makundi ya tembo, ujue wako wapi, ndio wateja wakija uwapeleke moja kwa moja? Wakati huo lilikuwa wazo jipya kabisa hapa kwetu. Ni akili ya mtu wa biashara: msimu wa njaa ndio wa kupanga msimu wa shibe.

Mpango ulikuwa hivi. Aruke kutoka Nairobi aje Pwani, apite Takaungu, pale karibu na Kilifi, kama kilomita 50 kaskazini mwa Mombasa. Alikuwa na kipande cha shamba na kanyumba kando ya mkono wa bahari. Takaungu ni mji wa zamani, ndipo Wamazrui wengine walihamia baada ya kupoteza Mombasa kwa Sultani Seyyid Said mwaka 1837. Kutoka hapo, aende Voi kuangalia tembo, halafu nyumbani.

Swali lilikuwa moja: nani atakaa kiti cha pili?

Watatu ambao hawakupanda

Wa kwanza ni Karen. Wakati huo mapenzi yalikuwa yamepoa, na shamba lake la kahawa lilikuwa limefilisika, linauzwa. Karen ameandika kwamba aliomba kwenda kuona Takaungu, Denys akakubali, halafu akabadilisha mawazo. Safari itakuwa ngumu, huenda walale porini, na alihitaji mfanyakazi wa kumsaidia. Karen akabaki.

Wa pili ni Beryl Markham, rubani mchanga aliyekulia Njoro. Beryl ndiye baadaye, Septemba 1936, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Katika kitabu chake cha 1942 anasema Denys alimwalika Voi. Mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alikuwa na wasiwasi, akamwomba asiende. Akasikia, akabaki.

Wa tatu hana jina kwenye vitabu. Denys alipotua Pwani, propela iliharibika kwa kugonga matumbawe. Akapiga simu ya maandishi Nairobi aletewe nyingine. Kampuni ya ndege ikamtuma kijana wake Mwafrika alete spea. Ndege ikatengenezwa, na Karen anasimulia kwamba Denys akamwambia yule kijana apande waende pamoja. Kijana alikuwa amezoea ndege, ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku hiyo akakataa katakata. Hakuwa mfanyakazi wa Denys, kwa hivyo angeweza kukataa na bado arudi kazini kwake.

Aliyebaki ni Kamau. Alikuwa mfanyakazi wa Denys. Yeye akapanda.

Voi, 14 Mei 1931

Usiku wa mwisho walilala Voi, Denys akiwa mgeni wa DC. Asubuhi ya tarehe 14 Mei wakaingia ndegeni. Moth ikaruka, ikazunguka uwanja, halafu ghafla ikayumba na kuanguka. Ikashika moto hapo hapo. Watu walikimbia kusaidia lakini hakuna aliyeweza kukaribia. Denys alikuwa na miaka 44. Kamau alifia kiti cha pili.

Jeneza la Denys lilipandishwa gari moshi, kwa reli ile ile inayoanza kisiwani Mombasa na kupita hapa Makupa, likapelekwa Nairobi. Kesho yake akazikwa kwenye milima ya Ngong, mahali alipokuwa akipenda. Ndugu yake baadaye alijenga mnara pale, na uko mpaka leo. Karen alifunga virago mwaka huo huo, akarudi Denmark, akaandika kitabu kilichomfanya Denys kuwa nyota wa milele. Huko Tsavo kuna kambi ya kifahari yenye jina lake.

Kamau je? Jina moja tu, kwenye mistari michache ya vitabu vya watu wengine. Mnara wa Ngong ni wa mtu mmoja, ilhali ajali iliua wawili.

Rudi Kibarani sasa

Mambo yamebadilika sana. Ukiruka leo kwa mara ya kwanza unafungwa kifuani mwa mwalimu, mnatoka kama futi 10,000 au zaidi, mnaanguka kama kilomita 200 kwa saa, na parachuti inafunguka mkiwa bado karibu futi 5,000 juu. Kuna parachuti ya akiba. Denys na Kamau walikuwa chini sana, hata wangekuwa na parachuti isingewasaidia.

Kwa hivyo pangeni safari yenu, lo sizoni ni wakati poa wa kupanga. Ulizeni mapema kama watu wa parachuti wako kazini mwezi huo, maana mawingu ya masika na upepo wa kusi vinaweza kuwaweka chini siku tatu mfululizo. Ongezeni siku na pesa ya ziada. Ulizeni doo zenu zinarudi vipi hali ya hewa ikikataa. Msibishane na mwalimu akisema leo hapana.

Halafu yule msee wenu ambaye hataki, muachieni. Abaki ufuoni ashike simu apige video. Kwenye safari ya Denys, Beryl alisikia ushauri akapona. Kijana wa propela alisikia roho yake, akapona. Mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kusema hapana ndiye aliyekufa. Kwa hivyo kabla ya kuhesabu pesa, mhesabu kwanza kama kila mtu kwenye mbogi ana ruhusa ya kukataa, hata akiwa ashavaa mikanda, hata ndege ikiwa ishawashwa.

Na siku ukipita Voi na treni, ukikumbuka Denys, kumbuka na Kamau.