Svante Arrhenius na Siri ya Tindikali

Askari aliyewahi kuhudumia magari ya kikosi anaijua tindikali ya betri, jinsi inavyotoboa nguo na kuunguza ngozi. Anajua pia kwamba ikimwagika sakafuni hunyunyiziwa magadi. Hutoka povu, kisha hutulia. Ukali ule umekwenda wapi? Jibu lililo wazi tulilipata kwa Svante Arrhenius, nalo nusura limharibie maisha.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1859, karibu na mji wa Uppsala nchini Uswidi. Mwaka 1881 alihamia Stockholm, akawa anapima jinsi umeme unavyopita katika maji yaliyoyeyushiwa chumvi na tindikali. Mwaka 1884 aliwasilisha tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Walimu wake hawakuridhika, wakampa daraja la chini mno, na kwa daraja hilo mlango wa ualimu wa chuo ulikuwa kama umefungwa.

Kijana huyo hakukaa kulalamika. Alituma nakala za tasnifu kwa wataalamu wa nchi nyingine, na mwaka ule ule Wilhelm Ostwald akafunga safari kutoka Riga kuja kumwona. Mwaka 1887 Arrhenius akaitoa nadharia yake ikiwa kamili. Alieleza kwamba tindikali ikiwa majini huachia ioni za haidrojeni, yaani chembe zenye umeme, na besi huachia ioni za haidroksidi. Zikikutana huungana, zikawa maji. Kinachosalia ni chumvi.

Wengi walipinga, na si kwa chuki tu. Sodiamu ikitupwa majini huwaka; vipi basi itulie katika maji ya chumvi? Walisahau kwamba chembe yenye umeme haina tabia ya madini yenyewe. Tena palikuwa na ushahidi mzito upande wake. Tindikali kali yoyote ikichanganywa na besi kali yoyote katika maji mengi, joto linalotoka ni karibu lile lile, kilojuli 57 hivi kwa kila moli ya maji yanayofanyika. Kumbe tendo ni moja tu, hata vitu vikitofautiana majina.

Joto hilo si la kuchezea. Ndiyo maana mtu aliyerukiwa na tindikali mwilini haoshwi kwa besi, bali kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu.

Mwaka 1903 Arrhenius alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, Mswidi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Nadharia yake haikutosha mahali pote: amonia ni besi, lakini haina haidroksidi ndani yake. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waliipanua. Mwenyewe alikuwa bado hai. Alifariki Stockholm tarehe 2 Oktoba 1927, akazikwa Uppsala.