Abu Bakr al-Razi: tabibu aliyeyachoma madini na kuyarudisha

Ijumaa hii tunamzungumzia Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyezaliwa Rayy, karibu na Tehran ya leo, yapata mwaka 251 Hijria (865 Miladia). Wengi wanamjua kwa utabibu: alisimamia hospitali ya Rayy na baadaye ya Baghdad, akaandika kitabu mashuhuri kilichopambanua ndui na surua. Katika itikadi wanazuoni walimkosoa vikali kwa kauli alizonasibishwa kuhusu unabii, nasi hapo hatumtetei. Elimu yake ya kemia, hata hivyo, ni amana ya watu wote.

Wenziwe wengi katika fani hiyo waliandika kwa mafumbo. Yeye katika Kitab al-Asrar alitaja vyombo, viasili na hatua za kazi kama fundi anayemfundisha kijana wake. Miongoni mwa kazi hizo ni taklis, yaani kuyachoma madini hewani hadi yawe unga mfano wa chokaa. Na istinzal, ambapo kiasili kilichochanganywa na mafuta kilitiwa katika kalibu yenye matundu chini, ikapandishwa juu ya kalibu nyingine, moto ukakolezwa, na madini safi yakadondoka.

Oksijeni hakuijua, iligunduliwa miaka ya 1770. Leo twaeleza kwamba risasi ikichomwa huungana na oksijeni na kupoteza elektroni: ndiyo oksidesheni. Unga ule ukichomwa pamoja na mkaa, mkaa huichukua oksijeni, na risasi hupokea tena elektroni: ndiyo ridaksheni. Hakuna kinachopoteza pasipo kingine kupokea, ndiyo maana mambo haya mawili hayatengani.

Wazee wa Kinyiha kule Mbozi waliifanya kazi hiyo hiyo katika matanuri yao ya udongo, wakitumia mkaa kutoa chuma katika mawe. (Kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaozidi tani 10, hakikuhitaji tanuri: kilishuka kikiwa tayari chuma chenye nikeli.)

Jambo linalowagusa zaidi wazazi wa Mkwajuni na Saza ni zebaki. Al-Razi alimnywesha nyani zebaki, asione madhara makubwa ila maumivu ya tumbo. Hakuishia hapo, alionya kuwa zebaki iliyopikwa na kugeuzwa hali ni sumu ya kuua. Madini ni yale yale, ila yamepoteza elektroni. Vijana wetu wa machimbo ya dhahabu huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma donge lake, pengine kwenye jiko la nyumbani. Mvuke ule ukivutwa puani huingia katika damu na kufika ubongoni, na humo mwilini zebaki hupoteza elektroni na kuwa ile sumu yenyewe. Mama mjamzito na mtoto mchanga ndio wanaodhurika mno, ilhali hawakuishika zebaki kwa mikono yao.

Al-Razi mwenyewe macho yalimpofuka mwishoni mwa umri wake. Al-Biruni, aliyeorodhesha vitabu vyake 184, aliuhusisha upofu huo na kazi zake za kemia. Alifariki Rayy mwaka 313 Hijria (925 Miladia), na karatasi alizoziacha zikakusanywa na kuwa al-Hawi, kitabu kilichosomwa na matabibu wa Ulaya kwa karne kadhaa.