Maisha ya Ibn Sina, Tabibu Aliyeeleza Ubongo na Uti wa Mgongo

Abu Ali Al-Husein bin Abdallah, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Ibn Sina, alizaliwa mwaka 370 Hijriya, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, nchi ambayo leo huitwa Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, mwenye kazi katika serikali ya wafalme wa Kisamani. Alipofika miaka 10 mtoto huyu alikwisha hifadhi Kurani yote. Kisha akasoma fikihi, hesabu na mantiki, akaingia katika utabibu, akawa anatibu watu naye bado kijana wa miaka 16. Nuh bin Mansur, mfalme wa Bukhara, alipougua, kijana huyu aliitwa kumtibu. Na alichokiomba ni ruhusa ya kusoma katika maktaba ya mfalme.

Baba yake akafa, ufalme wa Kisamani ukaanguka, naye akawa mtu wa kuhamahama: Gurganj, Jurjan, Rayy, hata Hamadhan. Huko alifanywa waziri. Askari wakamwasi, wakaizunguka nyumba yake na kutaka auawe. Baadaye alifungwa katika ngome ya Fardajan muda wa miezi 4, na mwisho akatoroka kwenda Isfahan amevaa nguo za masufi. Katika taabu hizo aliandika Al-Qanun, kitabu cha utabibu chenye sehemu 5. Mchana akitumikia serikali, usiku akiandika na kusomesha.

Katika kitabu hicho ameeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameujaalia ubongo kuwa asili ya hisi na harakati. Lau mishipa yote ya fahamu ingetoka kichwani moja kwa moja, kichwa kingalihitaji kuwa kikubwa mno, na mishipa ingalikuwa mirefu na myepesi kukatika. Kwa hiyo uboho umeteremshwa ndani ya uti wa mgongo, mfano wa mto utokao katika chemchemi, na kila kiungo kikapata mshipa wake kutoka mahali palipo karibu nacho. Akazihesabu pingili za shingo 7, za kifua 12 na za kiuno 5, na hesabu hiyo ndiyo ya matabibu wa leo. Mishipa itokayo katika ubongo aliihesabu jozi 7, kama alivyofundisha Galen, Myunani. Leo imethibiti kuwa ni jozi 12.

Watu wa zama zake walikuwapo waliosema kwamba maradhi ya huzuni na wasiwasi hutoka kwa majini. Ibn Sina hakushindana nao. Alieleza kuwa kazi ya tabibu ni kutazama kilichobadilika katika mwili na kukitibu, iwe chanzo chake cha mbali ni jini au si jini. Dawa za zama zile nyingi zimepitwa, lakini kanuni hiyo haijapitwa.

Wanavyuoni, na Imamu Ghazali mmoja wao, walimpinga katika baadhi ya rai zake za falsafa. Hata katika utabibu alisahihishwa: mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyehamia Misri, alipoisherehesha Al-Qanun alibainisha kosa juu ya njia ya damu baina ya moyo na mapafu. Hiyo ndiyo ada ya elimu. Kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kikapigwa chapa kwa Kiarabu huko Roma mwaka 1593, na vyuo vya Ulaya vikakisoma karne nyingi.

Mwisho wake ni mazingatio. Alishikwa na maradhi ya tumbo ambayo yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuyatibu. Alipojua kuwa nguvu zimekwisha aliacha dawa, akatubu, akatoa mali yake kwa mafakiri, akawaacha huru watumwa wake, akawa akihitimu Kurani kila siku 3. Akafa Hamadhan, Ramadhani ya 428, sawa na 1037, na kaburi lake lipo huko.

Ndugu wa Jabe, wa Bwiza na wa Buyenzi na wazingatie. Mtu akianguka juu ya mchikichi au akipata ajali barabarani, asinyanyuliwe ovyo kwa mikono na miguu. Shingo na mgongo vitulizwe pamoja juu ya ubao bila kupindwa wala kunyooshwa kwa nguvu, kwani uboho ukikatika haurudi. Na aliyepooza upande mmoja ghafula asicheleweshwe nyumbani kwa kusingiziwa majini. Apelekwe hospitali saa ile ile, na dua aombewe njiani. Na kijana apendaye kuhifadhi Kurani na asiogope kusoma utabibu, maana Ibn Sina alivikusanya vyote viwili.