Kitereza: Mzee wa Ukerewe aliyezika wanawe, akaacha kitabu

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KWA Wakerewe wa zamani, mtu aliyefariki bila mtoto alihesabiwa kuwa amekufa mara mbili: mwili wake ulikwenda kaburini, na jina lake likasahaulika. Aniceti Kitereza aliufahamu uchungu huo kuliko wengi.

Mwandishi huyo, aliyezaliwa mwaka 1896, alikuwa wa ukoo wa watawala wa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Alilelewa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, magharibi mwa ziwa, alikojifunza Kilatini na Kijerumani. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Anna Katura.

Ndoa hiyo ilijaribiwa na kifo. Watoto waliowapata hawakukua. Mmoja baada ya mwingine walirudi mavumbini. Mila ilimruhusu mwanamume wa aina yake kuoa mke wa pili ili apate mrithi, lakini Kitereza alibaki na Anna wake.

Badala ya kuhesabu alichonyimwa, alianza kutazama kile ambacho kingepotea pamoja naye. Wazee waliojua kilimo, uvuvi, tiba, adabu za ukwe na desturi za pombe ya ndizi walikuwa wakifariki, na vijana walikuwa wakifuata mambo mapya. Kwa kutiwa moyo na Padri Almas Simard kutoka Kanada, aliandika kwa Kikerewe riwaya ndefu, akaikamilisha mwaka 1945.

Riwaya hiyo inamhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaosimangwa kwa kukosa mtoto lakini wanakataa kuachana. Hatimaye wanampata Ntulanalwo na dada yake Bulihwali. Furaha ambayo mwandishi hakuijua nyumbani kwake aliwajalia wahusika wake.

Mswada ulikaa miaka mingi bila mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Wamarekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walimhimiza aufasiri kwa Kiswahili. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, viungo vikimuuma, mzee huyo aliifanya kazi hiyo mwenyewe.

Tanzania Publishing House iliichapisha mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla ya kukishika mkononi kitabu chake.

Baadaye kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kalamu ya Gabriel Ruhumbika, naye akiwa mzaliwa wa Ukerewe.

Kitereza hakuacha mtoto wa kumwita baba. Hata hivyo, kila anayetaka kujua Wakerewe wa kale waliishi vipi hana budi kupita mlangoni kwake, na jina ambalo mila ilikwishalihukumu kufa lingali linatajwa.