Dawa Chungu ya Daktari Livingstone

Likizo iliyopita nilikwenda Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru, kwa shangazi yangu auzaye samaki wakavu. Shavu langu la kulia lilikuwa likiuma, na pua ya upande huo ikitoa usaha wenye harufu mbaya. Nilikuwa nimekwisha kunywa dawa za mafua mara mbili bila ya kupona. Shangazi akanichemshia majani machungu, nami nikayakataa. Ndipo aliponionyesha ziwa, akanisimulia habari za Daktari David Livingstone, ambazo baadaye nilizisoma vitabuni.

Bwana huyu alizaliwa Blantyre, Scotland, tarehe 19 Machi 1813, katika jamaa maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kazini katika kiwanda cha pamba, na usiku akisoma. Mwaka 1840 alipata cheti cha udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini. Homa ya malaria iliwaua wageni wengi, naye akatengeneza vidonge vya kwinini, dawa chungu mno, akiichanganya na dawa za kuharisha. Mwaka 1862 homa ikamwua mkewe, Mary, huko Shupanga, kando ya mto Zambezi.

Januari 1867 watu wawili wa msafara wake walitoroka na mizigo, na ndani yake sanduku la dawa. Hapo akawa hana kinga. Hata hivyo hakurudi nyuma. Tarehe 8 Novemba mwaka ule akaliona Ziwa Mweru, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe. Miaka iliyofuata meno yake yakavunjika kwa kutafuna mahindi magumu, na maradhi yakamdhoofisha. Mapema Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo. Susi na Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaichukua maiti yake mpaka Bagamoyo. Akazikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Uchungu una kazi gani basi? Mwaka 1931 Arthur Fox wa Marekani alirusha hewani unga wa kemikali pasipo kukusudia. Mwenzake akauonja mchungu, yeye hakuonja kitu. Tofauti hiyo hurithiwa kwa wazazi, na mwaka 2003 jini yake, TAS2R38, ilipatikana. Mwaka 2012 wataalamu walionyesha kwamba vipokezi hivyo vya uchungu vimo hata puani. Vikihisi kemikali za bakteria fulani, hutolewa naitriki oksidi inayowaua, na vinyweleo vidogo huwafagia kwa kasi. Aliyerithi vipokezi dhaifu ana ulinzi mdogo.

Lakini mlinzi huyo hawezi kuziba jino lililotoboka. Mizizi ya magego ya juu iko karibu sana na uwazi ulio ndani ya shavu, na jino likioza, usaha hupanda humo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa na daktari wa meno niliyepelekwa na shangazi. Gego langu likang'olewa, nikapewa dawa chungu, na safari hii nikazimeza. Pua ikapona.

Ndugu wasomaji, ukiumwa upande mmoja wa pua kwa muda mrefu, mwombe daktari akutazame na meno. Wala usiikimbie dawa kwa uchungu wake: yule mzee alitembea akiitamani.