Gösta Ekman: Staa aliyeuza roho kwenye filamu, kokeini ikamganda maishani

Kabla dunia haijamjua Ingrid Bergman, Sweden ilikuwa na staa wake: Gösta Ekman.

Alizaliwa Stockholm Desemba 28, 1890, na jina lake lilianza kukua kwenye majukwaa ya tamthilia. Ekman hakukubali kubanwa kwenye uhusika wa aina moja. Shakespeare aliigiza, vichekesho alifanya, na kwenye operetta pia alikuwepo. Mwaka 1925 alivaa magwanda ya Mfalme Karl XII kwenye filamu.

Kisha mwongozaji F. W. Murnau akamwita Ujerumani kwa ajili ya Faust, filamu isiyo na sauti iliyotoka mwaka 1926. Inahusu msomi mzee anayeuza roho kwa shetani ili arudishiwe ujana. Ekman ndiye mzee yule mwenye ndevu nyeupe, na ndiye huyohuyo kijana mtanashati. Ukiitazama bila kuambiwa, unaweza kudhani ni watu wawili.

Lakini Berlin ilimwachia jeraha. Ni wakati wa kazi hiyo ndipo alipoanza kutumia kokeini, na hakuweza kuachana nayo.

Hata hivyo, kazi haikusimama. Aliporudi Stockholm aliongoza kumbi za maonyesho huku akiigiza mwenyewe. Mwaka 1931 alimpa Zarah Leander, msanii ambaye ndiyo kwanza alikuwa anachipukia, nafasi kubwa kwenye operetta ya Mjane Mchangamfu. Leander naye baadaye akawa staa Ulaya.

Mwaka 1936 ikaja Intermezzo. Ekman ni mpiga fidla maarufu, mume na baba, anayempenda binti mpiga piano. Binti huyo ni Bergman, na mtoto wa kiume wa mpiga fidla ameigizwa na Hasse Ekman, mtoto wake wa kumzaa.

Filamu hiyo ndiyo iliyomfungulia Bergman milango ya Hollywood, ambako aliirudia kwa Kiingereza mwaka 1939. Ekman hakuwahi kuiona. Alifariki Januari 12, 1938, akiwa na miaka 47 tu.

Hasse alikuja kuwa mwongozaji mkubwa Sweden. Mwanaye, aliyezaliwa 1939, akawa mchekeshaji kipenzi cha Waswidi hadi kifo chake mwaka 2017. Alipewa jina la babu ambaye hakuwahi kumwona: Gösta Ekman.