Linus Pauling na Muundo wa Ulanga

Linus Pauling alizaliwa mwaka 1901 mjini Portland, katika jimbo la Oregon, Marekani. Baba yake, aliyekuwa mwuza dawa, alifariki mwaka 1910 na kuiacha familia katika dhiki. Hivyo kijana huyo alisoma chuo huku akifanya kazi. Mwaka 1922 alijiunga na Taasisi ya Teknolojia ya California, ambako alijifunza kuchunguza fuwele kwa eksirei na kupata shahada ya udaktari mwaka 1925.

Wakati huo miundo ya fuwele sahili ilikwisha kujulikana. Silikati, ambazo ndizo sehemu kubwa ya miamba, ziliendelea kuwatatiza wataalamu, kwani mipangilio ya atomi iliyowezekana ilikuwa mingi mno. Mwaka 1929 Pauling alitoa kanuni za kuichuja. Mojawapo ilidai kwamba chaji ya kila ioni hasi isawazishwe na ioni chanya zinazopakana nayo.

Mwaka 1930 alizitumia kanuni hizo kueleza ulanga. Kila tabaka lake lina safu tatu: mbili za nje ni za silikoni na oksijeni, na ya kati, katika ulanga mweupe, ni ya alumini. Aidha, katika safu za nje, nafasi moja kati ya kila nne za silikoni hushikwa na alumini. Kwa sababu hiyo tabaka hubaki na chaji hasi, na ioni za potasiamu huyaunganisha matabaka. Matabaka ya talki hayana chaji, hivyo huteleza kwa urahisi. Yale ya ulanga wenye kalsiamu yana chaji kubwa zaidi, nayo hushikana kwa nguvu. Ulaini na ugumu unaohisiwa kwa mkono ukawa umepata maelezo katika hesabu ya chaji.

Ujasiri huohuo wa kukisia muundo kisha kuupima ulimwezesha, mwaka 1951, kueleza pamoja na wenzake umbo la hesi la protini. Lakini Februari 1953 alipendekeza DNA yenye nyuzi tatu, fosfati zikiwa katikati. Hakuzingatia ipasavyo kwamba ndani ya seli fosfati huwa na chaji hasi, na kwa hiyo zingesukumana. Aprili mwaka huo Watson na Crick walichapisha muundo sahihi.

Pauling alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Alifariki mwaka 1994. Kosa lake kuhusu DNA halikuibatilisha mbinu yake. Lilithibitisha uzito wa kanuni ambayo yeye mwenyewe aliifuata kwa makini alipochunguza ulanga.